Marufuku Kuegemeza Baiskeli

Ulikuwepo, usibishe. Ulikaa benchi la mbele nje ya zahanati, na baiskeli ilipoanguka na yule mama mtu mzima akiwa juu ya keria, ghafla ukakumbuka kwamba kamba ya kiatu chako imelegea. Mlikuwa watu kumi na mmoja pale. Nyote mna mikono.

Mwanawe, mpaka rangi wa kuta na mabango, alikuwa ameizuia baiskeli kwa nyonga huku mikono yake yote miwili ikiwa chini ya makwapa ya mama yake. Nyonga si mkono. Angeiegemeza ukutani, lakini mlinzi alishamwonyesha kwa rungu yale maandishi mekundu: MARUFUKU KUEGEMEZA BAISKELI. Hakuhitaji kuonyeshwa. Aliyaandika yeye mwenyewe mwaka juzi, kwa brashi nyembamba, herufi moja moja, na daktari mkuu akamsifu kwamba mwandiko ule hata kipofu atautii.

Mama aliangukia kiwiko. Hakulia. Walipofika nyumbani akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chumvi ipo, kwamba akidondoshwa tena mbele za watu hatarudi kule. Na daktari alishawaambia: kidonda cha mguuni kisipooshwa na kufungwa kila siku ya tatu, mguu utakatwa.

Basi leo asubuhi, siku ya tatu, mpaka rangi alikuwa amechuchumaa mbele ya fundi baiskeli wanayemwita Nati ya Kutu, kwa jinsi kinywa chake kilivyo kigumu kufunguka. Alitaka stendi. Fundi hakuuliza neno. Alibana vipande viwili vya chuma nyuma ya pedeli, pale mabomba ya fremu yanapoelekea gurudumu la nyuma, akakaza boliti hadi spana ikalia, kisha akafunga mguu wa nondo aliouchomelea kisahani kwa chini. Baiskeli ikasimama peke yake, imeinama kidogo, kama mtu anayetega sikio.

Mpaka rangi akacheka mwenyewe. Fundi hakucheka. Aliuliza baiskeli inabeba nini.

"Mzigo tu."

"Mzigo una jina. Saruji? Mkaa?"

Mpaka rangi akaangalia kucha zake, ambazo rangi nyekundu haijawahi kuzitoka.

"Mama yangu."

Fundi akaweka chini msumeno. "Kamlete."

Akamweleza, na hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema mwezi mzima, kwamba stendi haipimwi baiskeli ikiwa tupu. Mtu akikaa, tairi linabonyea, fremu inashuka, ule mguu wa chuma unakuwa mrefu kupita kiasi na baiskeli inapinduka upande wa pili. Stendi hukatwa mzigo ukiwa juu.

Mama akaletwa, kanga imefunikwa juu ya bandeji, akakaa kwenye keria wima kama amekuja kupigwa picha.

"Shikamoo, mama," fundi alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye unayetaka kunipima kama gunia?"

"Ndiyo mimi, mama. Usitikisike."

Alilala kifudifudi vumbini, akapiga jicho, akachora alama kwa chaki. Msumeno ulipoanza kula chuma, mama aliutazama kwa muda, bila kupepesa.

"Kata huo, baba," akasema. "Kata tu. Huu wangu waniachie."

Kipande cha nondo, kirefu kama kidole gumba, kikadondoka, na mama akakiomba, akakifunga kwenye pindo la kanga.

Walipokuwa wakiondoka, fundi alimvuta mpaka rangi kando. Akamwambia chuma hakina macho. Penye ardhi ngumu kitasimama hadi jioni. Penye ulaini, atafute mtu amshikie.

"Mtu?" mpaka rangi aliuliza. "Siku ile walikuwa kumi na mmoja."

Njiani hakumwambia mama yake maneno hayo. Alikanyaga pedeli polepole, akikwepa mashimo, na kila shimo aliloshindwa kulikwepa alilisikia mgongoni, pale mama alipokuwa ameshika shati.

Jana mvua ilinyesha, na uani pa zahanati wamemwaga mchanga kufunika matope. Mchanga laini, mzuri, wa kupendeza macho. Mlinzi yupo na rungu lake. Benchi ni lile lile. Na wewe ni yule yule.

Ameshusha stendi kwa kisigino. Ameachia usukani. Mikono yake iko chini ya makwapa ya mama yake, na mama ameshaning'iniza mguu mmoja, ule mzima, unatafuta ardhi. Kisahani kinazama. Upana wa kidole. Vidole viwili. Baiskeli inainama, inatega sikio, na mama hamtazami mwanawe. Anakutazama wewe.

Kamba za viatu vyako zimefungwa vizuri. Nimeziona. Ni hatua tatu tu. Inuka, ishike.