Nenosiri la Mtani

Mara tatu Zipora aliapa kuacha kuperuzi Facebook kazini, na mara zote kiapo kilivunjika kabla ya chai ya saa nne. Kwenye kivinjari cha kompyuta ya ofisi aliweka hata programu ya kuizuia, lakini nenosiri la kuifungulia alilijua mwenyewe. Ni sawa na kumkabidhi fisi bucha!

Safari hii akamwita Silvano, Mnyamwezi wa meza ya pili. "Weka nenosiri wewe, mtani. Mimi nageukia ukutani."

Silvano akaandika huku akicheka. "Ukilitaka, njoo uombe. Nyie Wagogo kuomba si ndiyo kazi yenu?"

Saa tano vidole vikaanza kumwasha. Picha za harusi ya Aneth, mwenzao wa mapokezi, zilikuwa huko, na ofisi nzima ilikuwa ikizisimulia. Zipora akainuka, akaenda kusimama mbele ya Silvano, ambaye tayari kinywa kilikuwa kimemjaa utani.

"Nipe..." Zipora akaliona tabasamu lake la kumsubiri aombe. "Nipe lile faili la viwanja vya Miyuji. Leo nalimaliza."

Silvano akampa, amenuna kama mtu aliyeomba akanyimwa.