Moshi wa Shimo la Ulanga

Pilau limeiva, iliki inanukia mpaka nje, na nyumba mpya ya Pili haina mgeni hata mmoja! Wakwe waliokuja kuleta posa ya binti yake Shamsia walikuwa wamekaa kitako mtoni, chini ya mlima, wamegoma kupanda. Pili, asiyejua kula peke yake, aliona posa ya mwanawe ikiota mbawa.

Aliyeyazua yote alikuwa mshenga mwenyewe, Mwinjuma, Mzigua, mtani wa Pili aliye Mluguru. Njia nzima kutoka Kingolwira aliwasimulia wakwe kwamba nyuma ya nyumba ya Pili pana shimo ambalo Wajerumani wa zamani walichimba ulanga, yale madini ya kung'aa, wakalitelekeza, na kila jioni linafuka moshi: mzimu unapika ugali. Yeye alikuwa akitania. Shangazi wa bwana harusi, Bi Mwajuma, akaamini neno kwa neno.

Pili akateremka mbio.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mwanetu haoi penye mzimu."

"Ni popo tu, shangazi!"

"Popo gani wa kufuka moshi?"

Mwinjuma akaangua kicheko. "Waluguru bwana! Hata mzimu wanaufuga!"

Mtani hakasirikiwi, ila mali yake hushikwa. Pili akamvua Mwinjuma kofia yake mpya, akapanda nayo mlima mbio. Sasa mtu kunyang'anywa na mtani wake ni ngoma; nani abaki nyuma? Wakwe wote wakafuata, wamesahau kugoma, hadi mdomoni mwa shimo. Kofia ikarushwa gizani.

"Nitaikomboa kwa jogoo," Mwinjuma akasihi.

"Jogoo ninao. Ingia, Mzigua, mzimu ukupakulie!"

Jua lilikuwa linazama. Mwinjuma akashika kijinga cha moto, akaingia akiinama. Pili hakuwa na wasiwasi, maana aliwahi kumfuata kuku wake humo. Tangu wachimbaji waondoke, mle hamna upepo wala jua, joto lake ni lile lile masika na kiangazi. Popo watake nini tena?

"Mama weeee!"

Popo wakatoka. Maelfu, wakijipinda juu ya vichwa vya watu kama moshi wa jikoni, wakashika njia ya migombani kuwinda wadudu. Nyuma yao Mwinjuma akitambaa, kofia mkononi, kapakwa kinyesi hadi kope.

"Enhe, umepakuliwa nini?" Bi Mwajuma akauliza.

"Shangazi, wamening'inia kama nguo zilizoanikwa! Wengine na watoto vifuani!"

Bi Mwajuma akacheka mpaka akashika kiuno. "Na mimi nimeshinda na njaa mtoni!" Akajifunga kanga, akatangulia kuingia nyumbani kwa Pili, akachagua mkeka wa katikati.

"Shamsia yuko wapi? Aniletee maji ya kunawa, nimwone mkwe wetu. Na huyo mshenga mpakulieni huko huko nje. Ananuka!"