Wimbo wa Kurukia Gogo

Bertha alikaa, akasimama, akakaa tena. Benchi lililokuwa kando ya uwanja wa farasi lilikuwa limelowa ukungu wa Kilolo, lakini si baridi iliyomsumbua. Macho yake yalikuwa kwenye gogo.

Lilikuwa gogo la mkaratusi lisilofika hata magotini mwa mtu mzima, limelazwa katikati ya nyasi. Mwezi uliopita farasi aitwaye Tangawizi alisimama ghafla mbele yake, na Eveline, binti wa Bertha mwenye miaka kumi na miwili, akapita juu ya shingo ya mnyama na kuangukia bega. Bega lilipona. Tangu hapo, hata hivyo, kila alipolikaribia gogo, mtoto alimgeuza farasi pembeni. Na leo mwalimu Jailos alikuwa anachagua watoto wa kwenda kwenye mashindano Mbeya. Asiyeruka gogo angebaki nyumbani.

Eveline aliuzunguka uwanja farasi akikimbia, kisha akalielekea gogo. Bertha alijikuta ameshaukamata uzio.

"Shika sana, mwanangu. Shika sana."

Mikono ya Eveline ikakaza hatamu. Tangawizi akarusha kichwa, akapinda kushoto, akasimama akihema kwa nguvu.

Jailos alikuja taratibu mpaka kwenye uzio. "Mama Eveline, farasi huyu amepandwa na mtoto au na wewe?"

"Namsaidia, mwalimu."

"Unamsaidia kusimama. Farasi akivutwa mdomo, anajua ameambiwa asiende. Na huyu ni mtiifu kuliko watoto wetu."

Bertha akamgeukia binti yake. "Kweli, Eve? Ni mimi?"

Eveline aliipapasa shingo ya farasi kwanza. "Nikisikia sauti yako, mikono inakutii wewe. Halafu pumzi inakatika."

Bertha alitamani kuondoka arudi nyumbani Kihesa, akawangoje huko na sufuria zake. Lakini akabaki ameushika uzio.

"Basi ninyamaze."

"Ukinyamaza atageuka kutazama kama umezimia," Jailos alisema. "Wewe si mtu wa kwaya? Imba, na yeye aimbe. Mtu anayeimba hawezi kubana pumzi."

"Niimbe hapa, mbele ya farasi?"

"Hajawahi kulalamikia kwaya."

Eveline akacheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Bertha alianza kwa sauti ya chini wimbo wa mavuno, ule wanaouimba kanisani wakati mahindi na viazi vinapopelekwa madhabahuni. Eveline akaupokea. Tangawizi akaanza kukimbia, na kwato zake zikaangukia palepale yalipoangukia mapigo ya wimbo. Wakapita mbali na gogo. Wakazunguka. Mara mtoto akanyoosha njia, akaja moja kwa moja.

Neno lile, "shika", lilikuwa limeshafika ulimini mwa Bertha, naye akauma pindo la kitenge chake ili lisitoke. Wimbo ukakatika katikati ya ubeti.

Eveline hakugeuka. Aliendelea peke yake, kwa sauti nyembamba iliyokosea tuni, mikono yake ikiwa imelegea. Tangawizi akainua miguu ya mbele. Kwato ya nyuma ikagonga gogo, mguu wa mtoto ukachomoka kwenye kikuku cha kukanyagia, akalala upande, na Bertha akaona anga kati ya binti yake na tandiko. Kisha mtoto akarudi mahali pake, bado akiimba.

"Mbeya," Jailos alisema, basi.

Bertha aliachia kitenge. Alitaka kusema shuka, mwanangu, tumshukuru Mungu twende nyumbani. Lakini Eveline alikuwa tayari anamgeuza farasi.

"Tumeligonga," alisema. "Narudia. Ila Mama, safari hii uimbe mpaka mwisho. Uliniacha peke yangu pale."

Bertha alikaa, akasimama. Kisha akauanza ubeti upya.