Titi la Mtama

Rehemah alirudi kutoka hospitali ya Kuluva na titi moja. La pili lilikatwa kwa saratani. Akakataa kutoka nje. Mumewe Sulemani, fundi wa magwanda ya askari mjini Arua, alitaka kumfariji. Akakata kitambaa cha gwanda, akakijaza mtama, akamshonea titi.

Rehemah akalivaa kwenda harusini Koboko. Uani mshono ukafumuka, mtama ukamwagika. Kuku wakamzingira; jogoo akamrukia kifuani.

Sulemani akawafukuza kwa kofia yake. "Toka! Hii iko titi ya bibi yangu!"

Wageni wote wakageuka kutazama. Sulemani akatamani kufa. Ndipo akasikia kicheko ambacho hakuwa amekisikia tangu masika.

"Baba Zubeiri," Rehemah alimwambia mumewe akifuta machozi, "kesho weka pamba."