Kisima cha Beeri

Jua likishapinda, wachungaji wa Beth-Hareli huketi kando ya jiwe linalofunika kisima na kungoja. Jiwe lile halisukumwi mpaka makundi yote yafike. Ndiyo desturi, ili asitokee mjanja wa kunywesha mara mbili. Kundi la Atara hufika kabla ya yote na hunywa la mwisho. Hiyo si desturi, ni roho mbaya tu.

"Hebu waondoe hawa kwenye hori," Zabadi alimwambia siku ile, huku akiwasukuma kondoo wake kwa fimbo. "Wana haraka ya kwenda wapi? Harusini?"

Wachungaji wakacheka. Harusi kweli ilikuwapo. Atara alikuwa ameposwa na Shobali, kijana wa Hebroni, ambaye angekuja kumchukua, kondoo wakishakatwa manyoya.

"Baba mdogo, kisima hiki kachimba baba."

"Na baba yako yuko wapi?"

"Kazikwa pangoni, na baba zake."

"Basi mwache alale."

Beeri, baba yake, alikichimba yeye chini na Atara juu. Akishajaza kapu udongo, huvuta kamba mara mbili, na Atara, kitoto kisicho na meno ya mbele, huvuta. Kamba ile imechimba mifereji kwenye mawe ya mdomo wa kisima, na mifereji iko mpaka leo, mtu atie kidole aone. Zabadi wakati huo alikuwa kivulini, anamwambia kila apitaye kwamba ndugu yake kapagawa, huko chini hakuna maji. Maji yalipotoka, yeye ndiye aliyekunywa wa kwanza. Halafu Beeri akafa kwa homa, hakuacha mtoto wa kiume. Watu husema damu ni nzito kuliko maji. Labda kwao.

Baada ya maneno yale ya Zabadi, Atara akaenda kwenye lango la mji, wanakokaa wazee kuamua mambo. Sheria aliijua, kila mtu anaijua: mtu akifa bila mwana, urithi wake ni wa binti yake.

"Sheria inataja shamba," alisema Zabadi. "Kisima si shamba. Kisima ni shimo. Na shimo ni nini, wazee wangu? Ni mahali ambapo shamba halipo. Sasa mtoto atarithi vipi kitu ambacho hakipo?"

Wazee wakaona amenena. Mifugo yao ilikuwa haingoji zamu tangu Zabadi akishike kisima, na hilo halikuharibu hoja. Mkubwa wao, Mzee Yoeda, akamwambia Atara, "Nenda nyumbani, binti yangu. Huko Hebroni utakuta visima vingi."

"Na mama yangu atakunywa wapi?"

"Kwa shemeji yake. Si ndugu?"

Kesho yake jiwe likasukumwa na Zabadi akatumbukiza ndoo ya ngozi. Wote walisikia chubwi. Akavuta, ndoo ikatoka kavu, ina vumbi ndani. Akatumbukiza tena, ikatoka kavu. Mwingine akajaribu, na mwingine, na kila ndoo iliingia majini ikatoka na vumbi. Kondoo walianza kulia. Mtu mmoja akasema mpeni huyo msichana ajaribu, hasara gani.

Atara akashusha ndoo. Kabla hajaanza kuvuta, kamba ilivutwa kutoka chini mara mbili. Alisimama kidogo, machozi yakamtoka, kisha akavuta. Ndoo ilikuja imejaa mpaka inamwagika.

Zabadi akainama kuchungulia. Nduguye alikuwa amesimama kule chini, maji yamemfika kiunoni, kanzu kaipandisha na kuikaza kwa mshipi kama alivyozoea kazini.

"Beeri! Hujambo, ndugu yangu?"

Beeri akageuza uso, akatazama ukuta.

"Kanuna," Zabadi aliwaambia wenzake.

"Alikuwa mkaidi tangu zamani," akasema mmoja. "Kifo hakimbadilishi mtu."

Habari haikuzidi hapo. Waliulizana kama maji aliyosimama maiti ndani yake yana unajisi, wakaonja, wakayakuta matamu kuliko ya jana, na suala hilo likaisha.

Atara hakungoja hata kondoo wake wanywe. Aliibeba ndoo mpaka langoni, anakimbia, anacheka peke yake, maji yanamlowesha miguu. "Mnataka shahidi?" aliwaambia wazee. "Shahidi yule kule kisimani, kamuulizeni. Hampi mtu maji ila mimi."

Wazee wakanywa kwanza. Mzee Yoeda akajifuta ndevu, akafikiri. Haki ya mtu, alisema, haipotei katika mji huu. Maji ni ya Beeri, maana yeye ndiye anayeyatoa. Mkono ni wa Atara, maana ndio anaoutaka Beeri. Na shimo ni la Zabadi, maana hilo tuliamua jana. Kwa hiyo Atara atavuta.

"Nitavuta ya kondoo wangu na ya mama."

"Utavuta ya mji, binti yangu. Au unataka watoto wafe kwa kiu?"

Basi akawa anavuta. Asubuhi maji ya wanawake wenye mitungi, mchana ya mfinyanzi na ya wafua nguo, jioni ya makundi. Wanawake walimwonea huruma, wakampaka mafuta ya zeituni viganja vilipochanika, kisha wakasogeza mitungi yao mbele. Zabadi alikaa juu ya jiwe akipanga nani atangulie. Alimsifu sana Atara—mwana wa ndugu yake, alisema, ana mkono wa baraka.

Shobali alikuja na punda wawili na shanga za harusi. Alimkuta Atara kisimani, akangoja, na foleni ilipopungua akaenda langoni kumdai mchumba wake. Wazee walimpa mkate na zeituni. Walimwambia achukue msichana yeyote mjini, hata wa Mzee Yoeda mwenyewe, ila huyu hapana, labda kama yuko tayari kubeba damu ya mji mzima kichwani mwake. Shobali alikuwa kijana mwema, na mtu mwema si kazi kumfukuza. Alirudi kisimani kuaga.

"Nisamehe, Atara."

"Punda wako wamekunywa?"

"Bado."

Akawavutia maji punda wake, wakanywa, Shobali akaondoka. Shanga aliziacha juu ya hori. Binti wa Zabadi anazivaa.

Jioni hiyo Atara alishusha ndoo, akalaza kifua kwenye mdomo wa kisima, kichwa ndani, akamwita Beeri kwa sauti ambayo kila mchungaji aliisikia.

"Baba! Wape tu maji. Wape wote. Nimechoka, baba, mimi hiki kisima sikitaki tena. Wape niende zangu kwa mume wangu!"

Beeri akainua uso. Aliona ni mwanawe, akafurahi kama zamani alipokuwa akimwona kule juu na mwanya wake wa meno. Marehemu hawasikii vizuri, na huyu maji yalikuwa yamemwingia masikioni. Akajaza ndoo kwa uangalifu, asimwage hata tone, akavuta kamba mara mbili.

"Si unaona baba yako anakuita?" alisema Zabadi kutoka juu ya jiwe. "Vuta, mwanangu, kondoo wana kiu."

Atara akavuta. Wakanywa kondoo wa Zabadi, wakanywa wa wazee, yakanywa makundi mengine kwa zamu. Kundi lake lilikunywa la mwisho.