Kabati Lenye Mihuri Mitatu

Mimi na Bwana Yu hatujawahi kupendana. Anauza diski za seva, ana maneno ya kumtoa nyoka pangoni, na kila akija hospitalini kwetu Taichung hunibebea kopo la chai ya milimani. Humrudishia palepale. Mtu akitanguliza zawadi kabla ya bidhaa, ujue bidhaa yenyewe ina lake jambo.

Sikuzaliwa na roho hii. Miaka miwili nyuma nilichagua diski za hospitali mwenyewe, nikasaini mwenyewe, za bei poa kutoka kwa kijana mwenye tabasamu. Zilikuja zimeandikwa mpya. Kumbe zilishachakaa kwenye seva za watu wengine, mita zake zimerudishwa sifuri kama ya gari la mtumba. Alasiri moja zikafa saba kwa mpigo, na daktari yuko chumba cha upasuaji, mgonjwa ameshapasuliwa tumbo, picha zote kwenye skrini zikazimika. Yule mgonjwa aliponywa na mkono wa daktari, si na akili yangu. Mkurugenzi aliniambia kosa la namna ile mtu hulifanya mara moja tu katika hospitali yake. Aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka.

Safari hii nikaweka mtihani. Kampuni mbili, ya Bwana Yu na nyingine, kila moja diski kumi na mbili, zote kabati moja. Ziandikwe data usiku na mchana kwa miezi mitano, na kila Ijumaa umeme wake ukatwe ghafla kwa swichi ya nje, tuone ipi inapoteza ilichokuwa inaandika. Mwezi wa tatu tukafunga mlango wa kabati, tukabandika ukanda wa karatasi, tukagonga mihuri mitatu ya majina yetu: wangu, wa Bwana Yu, na wa Fundi Kuo. Kampuni ya pili ilisema inatuamini, haina haja ya muhuri.

Fundi Kuo ndiye mwenye chumba kile cha seva, miaka kumi na tisa sasa. Kazi yote ninayoijua kanifundisha yeye, chakula cha mchana tunakula pamoja kila siku, na mwezi wa tisa anastaafu.

Basi Jumatatu moja ya mwezi wa nane tukakutana watatu kulifungua kabati. Matokeo yalikuwa tayari kwenye skrini. Diski za kampuni ya pili zilikufa tatu. Za Bwana Yu zote kumi na mbili hai, hakuna iliyopoteza hata neno, na uchakavu wake asilimia tisa.

"Tisa tu," nikasema.

"Tisa, mrembo," Bwana Yu akasema. "Ulitaka ngapi, tisini?"

"Mrembo ni mama yako. Diski imeandikwa miezi mitano mfululizo haichoki?"

"Ndiyo maana bei yake haichoki pia."

Fundi Kuo akacheka. Mimi sikucheka. Niliukagua ule ukanda: mzima, mihuri yote mitatu ipo. Nikamulika tochi ya simu kupitia matundu ya mlango, na hapo ndipo nilipoiona pakiti.

Hakuna seva kwetu inayokaa bila pakiti ile ya kijani, vitafunio vya mahindi vya ladha ya nazi. Jina lake ni kama kumwambia mtoto atulie, na mafundi huamini mashine ikiwekewa hutulia. Iwe ya kijani, isiliwe, na isipitwe na tarehe. Yetu ilifungiwa humo ndani mwezi wa tatu. Niliyoimulika ilikuwa imetengenezwa mwezi wa saba.

Nikaisoma tarehe mara ya pili.

"Bwana Yu," nikasema, "kabati hili limefunguliwa."

"Muhuri si huo hapo?"

"Muhuri upo. Na ndani kuna pakiti iliyotoka kiwandani miezi minne baada ya muhuri. Umebadilisha diski lini?"

Tabasamu likamtoka. "Dada Tseng, chunga ulimi. Mimi nina watoto wanaokula kwa jina hili. Huku ndani nimeingia mara mbili tu, leo na siku ile."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nani mwingine anafaidika?"

"Mwache, A-Chuan," akasema Fundi Kuo, ambaye huniita kwa jina langu la kwanza. "Ni mimi."

Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Tarehe yake ilikuwa inaisha mwezi wa saba," akasema. "Nilikuwa silali. Diski ishirini na nne zinateswa mle ndani, halafu pakiti iliyooza inazitazama? Nikaupasha ukanda mvuke wa birika, ukabanduka vizuri. Nikabadilisha pakiti, nikaurudishia. Dakika tano."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeanza mtihani upya. Miezi mitano mingine, mimi nimeshaondoka. Nilitaka niuone mwisho wake."

Maneno yale yalimfaa kabisa Fundi Kuo. Mtu huyu mwaka mpya huifuta vumbi kila pakiti. Lakini nikaliona pia kopo la chai ya milimani juu ya meza yake, lililokwisha nusu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mtu anayestaafu anahitaji vingi. Nawaambia ukweli, niliwaza hivyo, na niliwaza kwa haraka.

"Fungua," nikamwambia. "Nipe kiti."

Nikaunganisha kompyuta yangu. Ndani ya kila diski ya Bwana Yu nilikuwa nimetenga kipande kidogo ambacho mtihani haukigusi, nikaandika humo jina la mtoto niliyesoma naye darasa la nne. Sikumwambia mtu. Diski ikibadilishwa, jina halipo. Nikafungua ya kwanza, jina lipo. Ya pili lipo. Nikaenda nazo moja moja mpaka ya kumi na mbili. Majina yote yalikuwepo.

Bwana Yu alishusha pumzi, akatoka nje kuvuta sigara. Hata kunisimanga hakunisimanga.

"Uliyaandika lini?" Fundi Kuo akauliza.

"Siku ile ile. Kabla hatujafunga."

"Siku ile tulikuwa pamoja tangu asubuhi."

"Ulishuka kutununulia chakula."

Akafikiri. "Wali wa bata," akasema. "Mvua ilikuwa inanyesha. Nilipanga foleni nusu saa kwa sababu wewe hupendi wa lile duka la karibu."

Aibu ilinishika. Nikaitoa fomu ya ununuzi, nikaandika jina la diski za Bwana Yu, nikasaini. Fundi Kuo akatoa muhuri wake mfukoni, akaupuliza, akaugonga chini ya sahihi yangu.

"Fundi, nisamehe."

"Umefanya kazi vizuri," akasema. "Mtihani unatakiwa uwe hivyo. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo."

Alichukua koti lake mlangoni.

"Ila kesho usiningoje kula."