Maoni Kuhusu Mkweche

Tumbaku ya Mkweche ilikuwa na wavutaji wengi pale Makambako, na haikuwa na hata mmoja wa kuisema vizuri.

"Inanuka kama beberu aliyenyeshewa," alisema Mzee Yusto kila asubuhi, huku akishindilia kiko chake kwa kidole gumba kisicho na ncha. Ncha aliiacha kwenye msumeno zamani, alipokuwa mpasua mbao Kifanya.

"Beberu ana nafuu," hujibu Amos, dereva mstaafu aliyetokea Ilembula. "Beberu ukimfukuza anaondoka. Hii inakufuata mpaka kanisani."

Wakishasema hayo wanavuta. Wakimaliza wanajaza tena.

Benchi lao lilikuwa mbele ya kibanda cha Agustino Mgaya, upande wa wauza majembe, ambako jua la asubuhi linafika mapema. Makambako ina upepo, na mwezi wa sita upepo huo una meno. Agustino aliuza ugoro, viko, vibiriti na tumbaku za aina tatu. Mbili zilikuja kwenye pakiti za rangi, zina harufu ya pipi. Ya tatu haikuwa na pakiti wala picha. Ilifungwa kwenye gazeti, kifurushi kama ngumi ya mtoto, na bei yake haikuzidi chapati mbili. Jina la Mkweche ilipewa na wavutaji wenyewe. Kama gari kuukuu, haiwaki mpaka uisukume, inakohoa, inatoa moshi mzito, lakini ikishachanganya inakufikisha.

Aliyeitengeneza alikuwa Bibi Dorosela wa Mjimwema, Njombe, mama mkwe wake Agustino. Aliichanganya vilevile alivyofundishwa na baba yake huko Ludewa, hakuongeza wala kupunguza. Kila Alhamisi kasha la mbao za paini lilishuka kwenye kosta, basi dogo la kutoka Njombe, likiwa limejaa, na kasha tupu la wiki iliyopita likapanda kurudi.

Sasa kulikuwa na jambo ambalo wavutaji hawakulijua. Agustino aliiuza Mkweche miaka ishirini na minne na hakuwahi kuvuta kiko kimoja kikaisha. Alivuta sigara za kichungi, nyuma ya kibanda, kama mwanafunzi. Kosa lilianzia siku ya posa. Bibi Dorosela aliuliza, "Huyu kijana anavuta nini?" na mshenga akawahi kujibu, "Anavuta ya kwako, mama." Posa ikapita. Tangu hapo, kila Krismasi Agustino alikwenda Njombe na kiko mdomoni, ndani amefikicha sigara, akawa anapuliza moshi kuelekea dirishani.

Mambo yalikwenda hivyo hadi binti yake, Brightness, aliporudi likizo kutoka chuoni, kichwa kimejaa biashara.

"Baba, siku hizi kila ofisi ina sanduku la maoni. Utajuaje wateja wanataka nini?"

"Wanataka Mkweche na mahali pa kuitukania."

"Hayo ni maneno ya benchi. Waandike."

Agustino aliishia darasa la tano, na mtu aliyeishia darasa la tano huheshimu sana kitu kilichoandikwa. Alichukua kasha tupu lililokuwa linasubiri Alhamisi, akatoboa mfuniko kwa kisu, ukapatikana mwanya wa kupitisha karatasi. Akaandika SANDUKU LA MAONI kwenye kipande cha boksi, akakiegemeza juu yake.

Siku ya kwanza wazee walilitazama kasha kama wanatazama nyoka. Hakuna aliyeandika. Ili kuwafungulia njia, Agustino akageuka upande, akaandika ya kwake: *Tumbaku ni nzuri sana. Huduma bora. Hongereni.* Akaidumbukiza. Kuona hivyo, Mzee Yusto akaomba kalamu, na kalamu hiyo haikupumzika tena mpaka Jumatano. Wazee waliandika wakicheka mpaka machozi yakawatoka, wakaazimana miwani, mmoja akarudi mara ya pili kwa kuwa alikumbuka tusi zuri zaidi akiwa njiani.

Alhamisi Agustino alikwenda mazikoni Ilembula. Aliporudi jioni alikuta kipande cha boksi kimeangushwa na upepo, na mkewe, Fidelia, anapanga vifurushi kutoka kwenye kasha jipya.

"Mama Brightness, sanduku langu liko wapi?"

"Sanduku gani?"

"La maoni!"

"Mimi nimeona kasha la tumbaku. Nimelirudisha kwa mwenye tumbaku, kama kila Alhamisi."

Agustino alikaa juu ya debe la ugoro. "Mama anaona maandishi madogo siku hizi?"

"Mama yangu? Anasoma somo kanisani kila Jumapili ya pili, na herufi hairuki hata moja." Fidelia akamwangalia vizuri. "Baba Brightness, mle ndani kulikuwa na nini?"

Alhamisi iliyofuata kasha jingine lilishuka kwenye kosta, na kondakta akalibeba kwa mkono mmoja. Agustino akajua kabla hajalifungua. Ndani hamkuwa na jani hata moja, ila karatasi iliyokunjwa mara nne: *Mkweche umeua injini. D.*

Akiba ya Mkweche iliisha Jumamosi. Jumatatu wazee wakajaribu zile za pakiti.

"Hii ni kama kuvuta keki ya harusi," alisema Amos, akakung'uta kiko kwenye kisigino.

Mzee Yusto hakusema kitu, na hilo ndilo lililomtisha Agustino. Mzee yule alikuwa hajapata kukaa saa nzima bila kutukana kitu. Jumatano benchi lilikuwa na watu wawili tu, na muuza majembe akauliza kama linauzwa.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Simu ya Agustino haikupokelewa Mjimwema. "Ya kwangu anapokea," Fidelia alimwambia, "lakini nikikutaja tu, ananiuliza habari za mvua. Mwezi wa sita! Mama hajawahi kunigomea hivi. Nenda ukayamalize."

Mkwe aliyekosa haendi peke yake. Jumamosi Agustino alinunua blanketi zito, akawachukua Yusto na Amos wakawe wasemaji wake, kwa kuwa wao ndio waliojaza kasha.

"Mimi nitasema nini?" Yusto alilalamika wakiwa wanashuka Njombe. "Niliyokuwa nayo yote niliyaandika."

Bibi Dorosela aliwapokea akiwa na sweta mbili na kiko kinafuka. "Kamwene," walisalimiana, wakakaa. Agustino alichagua kiti cha mlangoni, akayashusha macho sakafuni kama inavyompasa mkwe. Blanketi lilipokelewa, likawekwa pembeni bila kufunguliwa. Mezani kulikuwa na rundo la karatasi, zimekandamizwa na kitabu cha nyimbo.

Bibi alivaa miwani, akachukua ya juu. "'Inanuka kama beberu aliyenyeshewa.' Nani?"

Yusto alisimama kama mwanafunzi. "Mimi, mama."

"Umeivuta tangu lini?"

"Tangu nikiwa na vidole kumi kamili."

"Kaa. 'Nikivuta hii mke wangu anahamia chumba cha watoto. Asanteni.' Nani?"

Amos alinyoosha mkono.

"Na hiyo asante ni ya nini?"

"Anakoroma, mama."

Bibi Dorosela alicheka mpaka miwani ikamtoka puani. Alisoma moja baada ya nyingine, soksi za askari, mkaa wa kuzimu, yule aliyesema amefukuza nayo nyuki, na kwa kila moja alicheka, akapiga meza kwa kiganja. Agustino alianza kupumua. Akawaza kwamba kumbe mama hana neno, labda majani yalichelewa tu.

Ndipo bibi alipotoa karatasi moja kutoka mfukoni mwa sweta, iliyokaa peke yake.

"Sasa kuna huyu aliyenitukana," alisema, na kicheko kikaisha. "'Tumbaku ni nzuri sana. Huduma bora. Hongereni.'"

Wazee wawili walitazamana. Agustino alitazama sakafu, na sakafu haikuwa na msaada.

"Aliyesema beberu, ameinusa. Aliyesema mkewe anahama, amelala nayo. Huyu hakuinusa, hakuiwasha, hakuigusa. Huduma bora! Hata benki wanaandikiwa hivyo. Na mwandiko naujua. Ndio ule wa 'Mama Dorosela, Mjimwema' juu ya kasha langu miaka yote. Hiyo M ina mguu mmoja mfupi."

"Mama," alisema Agustino, "nimekosa."

"Umekosa nini?"

Yusto alikohoa, akakumbuka kazi yake. "Mama, mkweo huyu ni mtu wa—"

"Baba, wewe kaa na beberu wako." Bibi hakumwangalia Yusto wala Agustino. "Harufu ya sigara niliisikia Krismasi ya kwanza. Nikasema, huyu mtoto, atakua. Sasa ana mvi. Mimi nina miaka sabini na sita, mikono inaniuma kukata majani. Nilitaka nimwachie kazi huyu aliyeoa kwangu, maana Fidelia moshi unamletea pumu. Lakini nitamfundishaje mtu asiyejua anauza nini? Heri nife nayo."

Agustino alikuja akidhani anaomba radhi kwa matusi ya watu wengine. Kumbe swali lilikuwa kama Mkweche itaendelea kuwapo duniani, na jibu lilikuwa kwake.

"Nipe kiko, mama," alisema.

Bibi alikung'uta kiko chake mwenyewe, akakijaza, akamsogezea na kibiriti. Vijiti vitatu viliisha na tumbaku haijawaka. Cha nne kilishika. Agustino akavuta, na kitu kikampiga kooni kama mwiko wa ugali. Akakohoa mpaka kiti kikasogea.

"Usikate moto!" Yusto alishindwa kujizuia. "Huo ndio mlima! Sukuma!"

"Gia namba moja!" Amos akadakia. "Polepole, usipige honi!"

Alivuta machozi yanamtiririka. Alivuta kwa ajili ya Fidelia, na kwa ajili ya benchi. Kisha, karibu na nusu ya kiko, ukali ukaketi chini. Moshi ukawa mzito na wa uvuguvugu, ukakaa mdomoni kama maneno ya mtu asiye na haraka. Alipokuja kushtuka, kiko kilikuwa majivu.

"Haya," alisema Bibi Dorosela. "Maoni."

Agustino alifungua mdomo, akaufunga. Mkwe hamwambii mama mkwe kwamba kitu chake kinanuka. Hilo halijawahi kutokea Njombe nzima. Na neno "nzuri" alishalimaliza kwenye ile karatasi yenye M ya mguu mfupi.

Bibi alimwona. Aliinama akavuta kasha kutoka chini ya meza, lilelile lenye mwanya, akaliweka mbele yake pamoja na kipande cha karatasi na kalamu.

"Mdomo una heshima zake," alisema. "Karatasi haina mama mkwe."

Agustino aliandika kwa muda mrefu, akifuta na kuanza upya. Akakunja, akapitisha kwenye mwanya. Bibi akafungua mfuniko, akaisoma kimya. Akatazama upande wa jikoni, akaisoma tena. Kisha akampa Yusto, ambaye alisoma kwa sauti:

"'Inanuka kama paa la jiko lililonyeshewa. Mwanzo ni mbaya sana. Katikati nilimkumbuka marehemu bibi yangu. Kiko ni kidogo.'"

"Nani kakwambia majani nayaweka wapi?" bibi aliuliza kwa ukali.

"Majani gani, mama?"

"Yangu! Yanakaa darini, juu ya mafiga, masika yote, moshi chini na unyevu juu. Hata Fidelia nilimwambia yanatoka stoo."

"Hakuna aliyeniambia, mama. Jikoni kwako sijawahi kukanyaga." Ilikuwa kweli. Mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe wake, na miaka ishirini na minne Agustino hakujua hata mlango unafungukia upande gani. "Nimesikia kwenye kiko tu."

Bibi Dorosela alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta. Ilitakata mara moja, lakini aliendelea kufuta. Halafu akasimama.

"Njoo jikoni."

"Mimi, mama?"

"Kuna Agustino mwingine hapa? Majani hayakatwi sebuleni."

"Na sisi?" aliuliza Amos.

"Nyinyi mmekuja kuomba radhi, ombeni. Chai iko kwenye chupa."

Agustino alivua kofia. Mlangoni alisita, mguu mmoja hewani, kisha akainama kukwepa boriti na kuingia. Juu yake, kwenye moshi, majani yalining'inia mamia kwa mamia, meusi, yanang'aa. Alivuta pumzi hadi mwisho wa kifua.

"Mzee Yusto alisema kweli," likamtoka kabla hajaliwahi. "Ni beberu kabisa."

Nyuma yake mama mkwe alicheka, akamkabidhi kisu.